Mapenzi ya Hadithi za Kisayansi Huanzia Wapi?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya kupitia gazeti, wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hawakutuambia, hata hivyo, kikohozi chenyewe huanzia wapi. Juma hili nataka tuzungumzie penzi la aina moja ambalo katika miji yetu halitajwi sana, nalo ni penzi la hadithi za kubuni za kisayansi. Nitafuata historia, tuone jinsi watu mbalimbali walivyokutana nalo kwa mara ya kwanza, kisha tujiulize kama watoto wetu nao wanayo nafasi ya kukutana nalo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sisi sote tumelelewa na hadithi za ajabu. Nani asiyezijua hadithi za Alfu Lela Ulela, pamoja na majini yake na busati linaloruka? Katika hadithi za namna hiyo busati huruka kwa sababu ni la ajabu, basi, na msikilizaji hadai maelezo. Hadithi ya kisayansi haina ruhusa hiyo. Busati likiruka, mwandishi analazimika kueleza linaendeshwa na nini, linabeba uzito gani, na likiishiwa nguvu litaangukia wapi. Akishamaliza hapo anauliza swali kubwa zaidi: je, maisha ya watu yatakuwaje siku kila mtu atakapokuwa na busati lake? Humo ndimo utamu wa hadithi hizi ulimo.

Sasa tuingie katika historia, na tuanzie karibu na kwetu. Mwezi Januari mwaka 1863, mchapishaji mmoja wa Paris aitwaye Hetzel alitoa riwaya ya kwanza ya kijana wa Kifaransa, Jules Verne. Riwaya hiyo inahusu Mwingereza mmoja, Dakta Fergusson, anayelivuka bara la Afrika kwa puto kubwa la gesi katika majuma matano. Puto hilo linapaa kutoka wapi? Kutoka Unguja. Linavuka bahari, linapita juu ya njia ya misafara, linafika Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo, ambako mwandishi anasema watu walidhani mwezi umeshuka. Kutoka hapo linaelekea ziwa kubwa la Nyanza na chanzo cha mto Nili, na safari yote inamalizikia Senegal.

Verne hakuwahi kukanyaga Unguja wala Tabora. Alichota habari zake katika maandishi ya wasafiri kama Burton na Speke, waliopita njia hiyo kati ya mwaka 1857 na 1859. Tena mimi simsifu kwa jinsi alivyowachora babu zetu, maana amewachora kwa dharau ya Wazungu wa zama zake. Ninalotaka tuliangalie ni jambo jingine. Msomaji wa Paris alielezwa jinsi gesi inavyopashwa moto ili puto lipande, na jinsi inavyoachwa ipoe ili lishuke. Alipewa uzito wa abiria, wa maji na wa chakula. Akaamini. Kitabu kikapendwa sana, na miaka miwili baadaye, mwaka 1865, Verne akatoa kingine kuhusu watu wanaorushwa kwenda mwezini kwa mzinga mkubwa.

Vitabu hivyo vilisafiri mbali. Huko Urusi palikuwa na mtoto aitwaye Konstantin Tsiolkovsky, aliyezaliwa mwaka 1857. Alipokuwa na umri wa takriban miaka kumi aliugua, akapoteza karibu usikivu wake wote. Shule ikamshinda kwa sababu hiyo. Akiwa na miaka 16 alipelekwa Moscow, na huko akajifundisha mwenyewe katika maktaba ya watu wote, akisoma kutwa. Baadaye akawa mwalimu, na mwaka 1903 akachapisha hesabu zinazoonyesha kwamba roketi inaweza kutoka nje ya dunia. Yeye mwenyewe aliandika kwamba aliyempandia mbegu ya kwanza ya mawazo hayo alikuwa Jules Verne.

Kijana mwingine, Hermann Oberth, aliyezaliwa mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Romania, alikisoma kitabu kile cha mwezini akiwa na miaka kama kumi na mmoja. Alikirudia hadi akakijua karibu kwa moyo. Mtoto huyo alikaa chini akapiga hesabu, akagundua kwamba mzinga wa Verne ungewaponda abiria wake hata kabla hawajatoka nje ya mdomo wake. Je, alikitupa kitabu? La hasha. Alianza kutafuta njia nyingine ya kufika huko huko, naye pia akaikuta roketi.

Wa tatu alikuwa Mmarekani, Robert Goddard. Mwaka 1898, akiwa bado kijana, alisoma hadithi ya Mwingereza H. G. Wells kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Hadithi hiyo ilikuwa ikichapishwa kidogo kidogo katika gazeti la kila siku la mji wa Boston, kama vile magazeti yetu yanavyochapisha hadithi za kuendelea. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba 1899, alipanda mcheri nyuma ya nyumba yao ili akate matawi makavu. Akiwa juu ya mti akatazama mashamba, akawaza jinsi ambavyo ingekuwa vizuri kutengeneza chombo cha kwenda Mirihi. Tangu siku hiyo tarehe 19 Oktoba ikawa sikukuu yake binafsi kila mwaka. Tarehe 16 Machi 1926 akarusha roketi ya kwanza duniani iliyotumia mafuta ya majimaji. Iliruka sekunde mbili na nusu tu, ikapanda kiasi cha mita 12, ikaanguka shambani. Mwaka 1932 alimwandikia Wells barua ya kumshukuru.

Msomaji atasema, hao walikuwa watu wenye vipaji, wangefika hata bila hadithi. Huenda. Lakini nataka tutazame ni wapi hadithi zilikutana nao: kitabu kilichopatikana nyumbani, maktaba isiyo na ada, gazeti la kila siku. Wote walikutana nazo kabla hawajawa watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa na mwalimu kwamba swali litatoka katika mtihani.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa redio. Mwezi huo huo wa Machi 1926, roketi ya Goddard ilipoanguka shambani, katika vibanda vya magazeti vya Marekani lilianza kuuzwa jarida jipya. Liliitwa Amazing Stories, toleo la Aprili, bei senti 25, yaani robo dola. Lilikuwa jarida la kwanza kwa Kiingereza kuchapisha hadithi za kisayansi peke yake. Mwenyewe alikuwa Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyefika Marekani mwaka 1904. Biashara iliyompatia jina ilikuwa kuuza vifaa vya umeme na vya redio kwa vijana waliopenda kujiundia mitambo, na magazeti yake ya kwanza yalikuwa ya kuwafundisha jinsi ya kuunganisha nyaya. Baina ya mafunzo hayo akaanza kutia hadithi moja moja. Wasomaji wakazipenda. Ndipo alipofikiri kwamba hadithi hizo zinaweza kuwa na gazeti lao.

Alifanya jambo jingine ambalo nadhani lilikuwa muhimu kuliko hadithi zenyewe. Alifungua ukurasa wa barua, na chini ya kila barua alichapisha jina na anwani ya aliyeandika. Kijana wa kijiji fulani, aliyedhani yuko peke yake duniani na wazimu wake wa sayari, akasoma barua ya kijana wa mji wa jirani. Wakaandikiana. Wakatembeleana. Vikaundwa vilabu. Penzi la mtu mmoja hufifia upesi, lakini likipata wenzake hukua.

Gernsback hakuwa malaika. Alikuwa mgumu wa kuwalipa waandishi wake, na mwaka 1929 kampuni yake ilifilisika, akalipoteza jarida lile. Alisimama tena mwaka huo huo na jarida jingine, ambalo lilibeba neno sayansi katika jina lake: Science Wonder Stories. Neno hilo moja lilifungua mlango mkubwa kuliko alivyotarajia, kama tutakavyoona.

Katika mtaa wa Brooklyn jijini New York alikuwapo mhamiaji Myahudi kutoka Urusi aliyekuwa na duka dogo la pipi, sigara na magazeti. Mwanawe, Isaac Asimov, aliletwa Marekani mwaka 1923 akiwa mtoto wa miaka mitatu, na alijifundisha mwenyewe kusoma Kiingereza kabla hajaanza shule. Dukani yalikuwapo magazeti ya hadithi ya kila rangi, ya majambazi, ya mapenzi na ya wapigana bastola, yote ya karatasi duni na picha za kutisha juu ya jalada. Baba alimkataza mwanawe kuyagusa, akiyaita takataka. Wazazi wengi wanaonisikiliza wanamwelewa baba huyo vizuri.

Mwaka 1929, Isaac akiwa na umri wa miaka tisa, likaja dukani lile jarida lenye neno sayansi. Mtoto akamfuata baba, akamweleza kwamba hili si kama mengine, hili linafundisha sayansi, angalia limeandikwa hapa juu. Baba, ambaye Kiingereza chake hakikuwa kingi, akatazama, akaliona neno, akakubali. Kulikuwa na sharti moja: gazeti lisomwe kwa uangalifu mkubwa, bila kukunjwa, kisha lirudishwe kwenye rafu likauzwe kama jipya. Hivyo ndivyo alivyosoma miaka yote ya utoto, bure, kwa vidole vyepesi. Mwanzoni mwa mwaka 1939 hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika Amazing Stories. Alikuja kuwa daktari wa falsafa katika kemia na mwandishi wa mamia ya vitabu, na sheria tatu alizozibuni kwa ajili ya maroboti, alizoziandika zote kwa pamoja katika hadithi ya mwaka 1942, zinatajwa hadi leo kila wanapokutana watu wanaotengeneza mashine zenye akili.

Majarida hayo hayakubaki Marekani. Yalivuka bahari ya Atlantiki yakauzwa Uingereza kwa bei ya kutupa. Mtoto wa shamba katika jimbo la Somerset, Arthur Clarke, aliona toleo la Novemba 1928 la Amazing Stories. Baba yake alifariki kijana huyo akiwa bado shuleni, na fedha nyumbani zilikuwa haba. Saa ya chakula cha mchana alikuwa akienda katika duka la Woolworth kupekua rundo la majarida ya zamani ya Kimarekani, peni tatu moja. Mwezi Oktoba 1945, katika jarida la mafundi wa redio la Wireless World, Clarke huyo alieleza kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sawasawa na dunia na kuonekana kama kimesimama mahali pamoja. Vitatu vya namna hiyo, alisema, vingetosha kupeleka matangazo ulimwengu mzima. Wewe unayetazama mpira wa Ulaya nyumbani kwako kwa dishi lililo juu ya bati, dishi hilo limeelekezwa kwenye chombo kilichosimama mahali alipopaeleza mnunuzi yule wa majarida ya peni tatu.

Hadi hapa nimesimulia habari za wavulana, na wote Wazungu. Isidhaniwe kwamba penzi hili ni lao tu. Mwaka 1947, katika mji wa Pasadena, California, alizaliwa mtoto wa Kimarekani Mweusi, Octavia Butler. Baba yake, msafisha viatu, alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba za Wazungu, na mtoto alimwona mama akiingia katika nyumba hizo kwa mlango wa nyuma. Mama huyo, ambaye mwenyewe aliondolewa shuleni mapema ili afanye kazi, alikuwa akirudi nyumbani na vitabu vilivyotupwa na matajiri wake, vingine vimechanika, vingine vimechorwachorwa na watoto wa wenye nyumba. Hakuchagua. Alileta chochote chenye maandishi, akiamini kwamba siku moja mwanawe atavihitaji.

Octavia alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu herufi zilimchanganya. Hata hivyo akawa mwenyeji wa maktaba ya mji. Alipofika miaka kumi alimsumbua mama hadi akanunuliwa taipureta. Mama anayeosha sakafu za watu akanunua taipureta! Kisha, akiwa na miaka kama kumi na miwili, alitazama katika televisheni filamu ya Kiingereza ya mwaka 1954 kuhusu mwanamke wa Mirihi anayekuja duniani kutafuta wanaume. Ilikuwa filamu mbaya sana. Mtoto akainuka, akaizima televisheni, akajiambia kwamba yeye anaweza kuandika hadithi bora kuliko hiyo, na kwamba kuna mtu amelipwa kwa upuuzi ule. Akaanza kuandika siku hiyo hiyo. Jamaa yake mmoja mtu mzima alimwambia kwa upole kwamba watu Weusi hawawezi kuwa waandishi. Mwaka 1995, miaka kumi na moja kabla ya kufariki kwake, alikuwa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za Marekani.

Hapo tunajifunza kwamba mlango wa penzi hili si lazima uwe kazi nzuri. Filamu mbovu ilitosha. Kilichohitajika ni mtoto kuwa karibu nayo, tena awe tayari amezoea maandishi kwa sababu ya mfuko wa vitabu vilivyotupwa.

Mwingine alipata mlango wake kwa televisheni vilevile, na hapa neno letu linaingia. Tarehe 8 Septemba 1966 ulianza kuonyeshwa Marekani mchezo wa Star Trek, na ndani ya chombo kile cha angani alikuwamo ofisa wa mawasiliano, mwanamke Mweusi aitwaye Uhura. Jina hilo limetoka katika neno la Kiswahili, uhuru. Nichelle Nichols aliyeigiza sehemu hiyo alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa ameshika riwaya yenye jina hilo, na mazungumzo juu ya kitabu yakazaa jina. Alisimulia pia kwamba alipotaka kuacha kazi hiyo, Dakta Martin Luther King alimsihi asiache, kwa kuwa watoto Weusi walikuwa wakimtazama. Alisema kweli. Mjini Chicago binti mmoja, Mae Jemison, alikuwa akimtazama. Tarehe 12 Septemba 1992 Jemison akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kwenda angani, na ameeleza mara nyingi kwamba Uhura alikuwa mmoja wa waliomwonyesha njia.

Ndugu msomaji, tuweke mambo haya pamoja. Majuma matano ya Verne yalianzia Unguja. Ofisa wa Star Trek alibeba neno letu. Na siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Mkuu wa mradi huo, mama wa Kimarekani Marjorie Townsend, aliiita Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kisiwa chetu kimo, neno letu limo, bahari yetu imo. Lakini mtoto wa Vingunguti au wa Kariobangi, ambaye lugha anayoielewa vyema ni Kiswahili, amepewa nini akisome?

Mimi ni mzaliwa wa miaka ya themanini mwanzoni, Dar es Salaam. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kizazi changu kilikutana na hadithi za kisayansi katika mabanda ya video. Ulitoa sarafu mlangoni, ukakaa kwenye benchi la mbao katikati ya jasho na moshi wa sigara, ukatazama mtu wa chuma aliyetumwa kutoka siku za mbele. Kiingereza hatukukijua. Palikuwa na kijana aliyefika sekondari, yeye ndiye alikuwa akitueleza kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtaani, huku akiongeza na ya kwake. Baadaye kazi hiyo ikapata watu maalumu, ambao sauti zao zinatia Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Wazee waliyaita mabanda yale maficho ya wahuni, na ni kweli wahuni walikuwamo. Lakini nakumbuka tukirudi nyumbani usiku tulibishana njia nzima: mtu akirudi nyuma akamuua babu yake, yeye mwenyewe atazaliwaje? Hakuna mwalimu aliyewahi kutufanya tubishane hivyo kwa hiari yetu.

Hata hivyo, filamu ikiisha taa zinawashwa na mtoto anabaki mtazamaji. Kitabu humwachia mtoto nafasi ya kuwa mtengenezaji. Na hapo ndipo penye upungufu wetu.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina uwezo. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa riwaya ya Walenisi, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa angani kwa chombo na kufikia nchi inayoendeshwa kwa haki kuliko ile aliyotoka. Hiyo ni hadithi ya kisayansi, tena yenye siasa kali, na jina lake ukilitamka polepole linakuambia kwamba wale ni sisi. Kyallo Wamitila alifuata na Bina-Adamu! mwaka 2002. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Nairobi alitengeneza filamu fupi aliyoiita Pumzi, kuhusu Afrika Mashariki iliyoishiwa maji na binti Asha anayetoka nje kwenda kupanda mbegu. Uwezo upo. Lakini riwaya zetu za namna hii wengi wanakutana nazo sekondari au chuo kikuu, zikiwa na mwongozo wa maswali na majibu. Ni wachache wanaokutana nazo wakiwa na miaka tisa, wamelala chini kwa tumbo, bila mtu kuwauliza dhamira ya mwandishi.

Wala asije mtu akasema Waswahili hawasomi. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa wa Zanzibar na upelelezi wake, na watu wakasoma. Miaka ya sabini na themanini vitabu vya Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba vilipita mkono kwa mkono, darasa zima likigombea nakala moja. Vilikuwa vitabu vidogo, vya karatasi ya kawaida, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Penzi la hadithi za upelelezi liliota mijini kwetu kwa sababu hizo hizo zilizoliotesha penzi la Asimov dukani kwa baba yake. Kilikuwa kitu cha bei ndogo, kilicholala mahali mtoto anapopita, katika lugha aliyoiweza.

Kwa hiyo basi, nina maneno kwa watu watatu.

Kwanza, mzazi. Mwanao akija na kitabu chenye picha ya kutisha juu ya jalada, kitazame kwanza kabla hujakiita takataka. Muuza magazeti wa Brooklyn alifanya hivyo kwa dakika moja. Na wewe mama unayefanya kazi katika nyumba za watu, ukiona vitabu vinatupwa, omba uvichukue, hata vilivyochanika.

Pili, wachapishaji na wakuu wa maktaba. Riwaya ya Kiswahili ya kurasa mia moja, kwa bei ya sahani ya chipsi, ikiwekwa pale wanapotandaza vitabu vya zamani kando ya njia, itapata wasomaji ambao tamasha la vitabu kwenye hoteli haliwezi kuwapata.

Tatu, sisi wenyewe wa magazeti na redio. Goddard alikipata chake katika gazeti la kila siku, lililonunuliwa na watu kwa ajili ya habari nyingine. Kurasa zetu za hadithi za kuendelea zimejaa wivu, ushirikina na nyumba ndogo. Sisemi ziondolewe, maana nami huzisoma. Naomba sehemu moja kwa juma, na redioni robo saa moja ya mchezo, iwe ya mtu anayebuni jinsi Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura itakavyokuwa miaka hamsini ijayo: bahari ikipanda nani atahama, mashine zikifanya kazi za bandarini makuli watakula wapi, na dawa ikigunduliwa itafika kwa nani kwanza. Na chini ya hadithi tuweke barua za wasomaji, ili kijana wa Kigoma ajue kwamba yuko mwenzake Lamu.

Maswali hayo yatajibiwa na watu fulani, tupende tusipende. Hao watakaoyajibu leo wana miaka tisa au kumi. Baadhi yao wataipata hadithi yao ya kwanza kwa sababu nyumbani kwao kuna fedha na Kiingereza. Wengine wataipata iwapo tu mtu ataiweka njiani wanakopita.

Hadi juma lijalo, kwaherini.